Ruta ya Kabatini

Mwanangu,

Hatujambo, na paka amezaa tena. Fundi wa intaneti alikuja, akaikuta ruta kwenye kabati la vyombo, nimeifunika kitambaa isiingie vumbi. Akacheka: "Mama, hiki si chakula, kifunue!" Ameihamishia juu ya rafu, karibu na kiti cha baba yako. Dada yako alipiga simu ya video kujaribu. Picha haikukwama hata mara moja.

Kila nilipomwelekezea baba yako simu, ulisema, "Mama, picha imeganda," ukakata, nami nikausingizia mtandao.

Jumapili ukipiga, utaniona nikimlisha baba yako kwa kijiko na kumfuta mdomo. Ukiona yeye hasogei wala hajibu, usikate, mwanangu. Anakusikia. Mtandao uko sawa.

Ni mimi,
mama yako