Mapazia ya Ukumbi wa Ndondi

Jumatatu, 3 Juni

Nimeshika tama hapa. Wifi kaitwa hotelini! Si kulala, kupiga dramu. Bendi ya hoteli ile kubwa, kila jioni, mshahara wa uhakika, sare, na chakula juu. Meneja anataka jibu Jumapili ya tarehe kumi na sita. Sharti lake ni moja: apige polepole, watu wasisumbuke wakiwa wanakula. Wifi huyu huyu, ambaye akianza mazoezi majirani wanashikilia vyombo vyao visianguke!

Nikamwambia nenda tu, mwenzangu. Uongo mtupu. Akiondoka tunabaki mimi na besi langu, na Kasuku na gitaa lake. Hiyo si bendi, hayo ni mazungumzo.

Kumbe hata yeye hoteli haitaki. Amechoka kupigia viti, basi. Hatuna kampuni ya kuturekodi, hatuna jina, tunapiga kwenye baa ambazo watu wote wamegeukia mpira kwenye tivii. Kasema nitafutie mahali pamoja tu, wifi, watu waje kusikiliza, halafu nitamjibu huyo meneja. Nikasema utapapata. Mdomo huu! Sasa sijui naanzia wapi.

Jumatano, 5 Juni

Kazi ya mapazia ina raha yake: nafunguliwa kila mlango. Nikiingia chumba cha watu napima dirisha, kisha napiga kofi moja nisikie chumba kinajibuje. Wateja wanadhani naua mbu.

Leo baada ya kazi nimezunguka baa. Ya kwanza, mwenyewe akauliza nitamletea watu wangapi. Nikamuuliza kwani baa ya nani? Nikaonyeshwa mlango. Ya pili ina nguzo katikati, mpiga dramu angeonekana nusu. Ya tatu ilikuwa nzuri! Jukwaa, taa, kofi limerudi vizuri kabisa. Ila nafasi iliyo wazi ni mwakani. Mwakani, jamani, wifi atakuwa keshavaa sare.

Mume wangu kacheka hana mbavu. Dada yake mwenyewe! Ati tupigie sebuleni. Kesho ajipikie.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata! Na wala sikwenda kutafuta. Niliitwa kupima madirisha kwenye ukumbi wa ndondi, ule ulio juu ya duka la matairi. Jua la mchana linawaingia mabondia machoni. Nafungua mlango tu, hee! Ulingo katikati, umeinuka vizuri, kamba pande zote, viti kuuzunguka. Hili si jukwaa hili? Nikapiga kofi, bati zima likaniitikia.

Kocha, mzee mwenye kifua kama kabati, akaniuliza mbu yuko wapi. Nikamweleza yote mpaka habari ya hoteli, domo langu halina breki. Akataka kujua kama huyo wifi anapiga kwa nguvu. Nikasema sana, hasa akifurahi. Akasema Jumapili mchana ukumbi umelala tu, vijana wake watakuja na watu wao, mtaa mzima hauna starehe. Masharti mawili: ulingoni hapandi mtu na viatu, na mapazia yawe yameshatundikwa. Nikaanza kumwita baba papo hapo, nikarudi kazini nikiimba barabarani.

Jumatatu, 10 Juni

Kasuku kagoma. Huyu mtu kutwa anauza viatu, haachi kusema, ukizubaa atakuuzia hata cha mguu mmoja. Lakini akiimba lazima autazame ukuta na watu awape mgongo. Sasa ulingoni watu wako pande zote nne! Wifi akamwambia afumbe macho, basi, kutazama watu tutamtazamia sisi. Kakubali shingo upande.

Tumecheka sana. Halafu meneja wa hoteli akapiga simu. Nimemsikia wifi anamwambia, nitakujibu Jumapili, ndugu, nina shughuli moja kwanza. Leo usingizi sipati.

Alhamisi, 13 Juni

Tumejaribu vyombo ukumbini. Balaa! Dramu moja unaisikia mara tatu, na bati linamwitikia Kasuku kabla hajamaliza mstari. Wifi kakunja uso. Nikasema niachieni, hiyo ndiyo kazi yangu. Dukani kwetu kuna velveti nzito, ya mteja wa jumba la sinema aliyeghairi. Bosi kanipa yote, ilikuwa inamjazia stoo. Nimeshona mpaka vidole vimeingia ganzi. Nimefunika madirisha, kuta, hadi mlango. Kocha kasema nimemtengenezea ikulu, nami nikavimba kichwa.

Jumapili, 16 Juni

Naandikia ndani ya stoo ya glavu. Waya wa gitaa umekatika, Kasuku anafunga mwingine.

Watu wamejaa! Mabondia na mama zao, wauza matairi, mashoga zangu wote. Tukapiga wimbo wa kwanza, safi, kila kitu kinasikika. Tukamaliza. Makofi: pwa, pwa, pwa. Kama mtu anakung'uta kandambili. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, Kasuku akafumbua jicho moja aone kama watu bado wapo. Wifi akaniangalia. Uso ule naujua, ni wa ukoo wao mzima. Waya ulipokatika akashuka, akachukua simu, akatoka nje.

Nikamkimbilia Kocha karibu nalia. Baba, hawatupendi! Akanionyesha viganja vyake, vimewiva. Akasema, binti, tunapiga makofi mpaka jasho linatutoka, umeziba masikio? Nikapiga langu. Hola! Hata mwenyewe sikujisikia. Velveti imemeza makofi ya watu wote! Nimehangaikia sauti ya bendi, nikasahau kwamba wasikilizaji nao wana yao. Mjinga mimi!

Nikapanda ngazi. Kocha akapiga filimbi, mabondia wakaja mbio, tukashusha mapazia yote ya kuta na ya mlango. Ya madirisha tumeyaacha, jua kali. Mwangwi hautatusumbua leo, Alhamisi ukumbi ulikuwa mtupu na sasa pa kuweka mguu hakuna, miili ya watu itaumeza. Velveti yenyewe nimeikalia hapa.

Wifi namwona kwa kidirisha. Simu sikioni, mkono kiunoni. Sijui anasema ndiyo au hapana. Sitaki kujua. Nataka! Akienda hotelini nitamfuata, nimshangilie watu wakila, mpaka nitolewe. Nampenda wifi yangu, wala sijawahi kumwambia.

Habari ya mapazia hajui. Hakuna aliyemwambia.

Amekata simu. Amepita hapa mlangoni bila kunitazama. Anapanda ulingoni. Kasuku anamwambia asubiri, waya bado—

Mungu wangu, makofi! Hajagusa hata kijiti, wamemwona tu anakaa, na bati zima linatetemeka! Wanapiga, hawaachi. Sauti ya wifi hiyo, juu ya wote, anacheka, anauliza nyinyi mlikuwa mmefichwa wapi?

Ameanza. Wala si polepole. Wifi, ningoje, besi langu bado sija—