Namba ya Mama

Zoria, Saskatchewan
11 Machi

Kaka Orest,

Pokea salamu zangu, na za Mama, na za theluji ambayo mwaka huu imegoma kabisa kuondoka. Natumaini u mzima, na kwamba mgongo haukusumbui tena huko kwenye machimbo ya mafuta. Sisi hatujambo. Nyonga ya Mama imeunga, na sasa anatembea na mkongojo huku akizozana nao kutoka kitandani hadi dirishani.

Wakili ameniambia kwamba amekutumia karatasi za kuiomba mahakama imtangaze Baba kuwa marehemu, na kwamba anangoja saini yako. Kaka, usitie saini. Keti, unisome mpaka mwisho, na kama utanikasirikia, basi ujue unanikasirikia kwa lipi.

Tangu Mama alipovunjika nyonga, barua zote za nyumbani ninazifungua mimi. Oktoba iliyopita ikaja taarifa yake ya mwaka kutoka duka la ushirika. Unatujua sisi wa huku: mtoto hukariri namba ya uanachama ya mama yake kabla hajaijua sala ya Baba Yetu. Ukifika kaunta ya tawi lolote unaitaja, manunuzi yanaandikwa, na mwisho wa mwaka gawio linamjia mwenye namba. Ya Mama ni nne nne moja saba. Najua umeitamka pamoja nami.

Sasa, mwaka mzima Mama alikuwa kitandani, na mimi hununua kwa namba yangu. Lakini taarifa ilionyesha manunuzi mengi, tena yote ya tawi la Osprey Bay, kilomita mia nne kaskazini, ambako hatuna hata mtu wa kumwomba maji. Nikampelekea Lorna Friesen pale kaunta. Akacheka, akaniuliza kama nina hakika bibi yule hatoroki dirishani nikishalala. Kisha akanichapia orodha yote ya miaka miwili, kitu kwa kitu.

Niliisoma mezani jikoni, asubuhi ya ukungu, ile ambayo huoni ghala wala barabara na nyumba inakuwa kama imening'inia hewani. Gunia la mbegu za alizeti, kila mwezi wa baridi. Nani analisha ndege kwa gunia? Glovu za ngozi, pea moja, kubwa kuliko zote. Kopo la mafuta ya kupaka viwele vya ng'ombe, na kopo jingine, na jingine, ila hakuna chakula cha ng'ombe hata kilo moja. Nikaikumbuka mikono ya Baba ilivyokuwa ikipasuka kila Novemba, na harufu ya mafuta yale akitukatia mkate. Halafu tarehe 4 Januari, miaka yote miwili: ngano nzima, asali, mbegu za popi. Kaka, nani mwingine ananunua vitu hivyo vya uji wa sikukuu, siku mbili kabla ya Mkesha wetu wa Krismasi ya tarehe 7? Nilimwona anatembea ndani ya karatasi ile. Nilimwona anachagua asali, anainusa, anairudisha, anachukua ya bei nafuu.

Kwa hiyo hakuzama. Tuliikuta pikapu yake kando ya ziwa mlango wazi na kofia yake kitini, barafu ikalifunga ziwa kabla hajapatikana, nasi tukaamini. Mtu anaweza kubadili jina, akafuga ndevu, akajifanya hana kwao. Lakini akiulizwa namba kaunta, ulimi unajibu kabla yake.

Kaka yangu, hukumuua. Miaka sita umebeba ule ugomvi wenu wa kuuza ng'ombe kama jiwe kifuani, na ulikataa kuja nyumbani kwa sababu yake. Litue leo.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Nilimwambia Mama kuna mtu anatumia namba yake, na kwamba inafaa tuifunge. Akakataa, akasema namba haimli mtu. Sikumweleza nilichokijua. Nilirudi kwa Lorna peke yangu, nikachukua fomu, na penye sababu ya kufunga nikatia alama kwenye neno "amefariki", kwa kuwa ndiyo sababu pekee isiyohitaji saini ya mwenye namba. Lorna alinitazama sana. Nikamwambia ni karatasi tu. Haikuwa karatasi tu. Nilikuwa na hasira, nikataka siku moja Baba afike kaunta, aitaje namba, aambiwe mbele ya watu kwamba mwenyewe amefariki, aonje alichotulisha. Nilimuua Mama kwa kalamu ili nimuumize Baba.

Jumatatu ikaja bahasha kutoka kanisa la Osprey Bay, imeandikiwa familia ya marehemu Stefania Wasylyk, jina la Mama kamili lilivyo. Mama aliitwaa kabla sijaifikia. Ndani mlikuwa na kadi ya sala, na risiti ya malipo ya ibada ya arobaini ya Stefania. Penye jina la mlipaji waliandika neno moja tu: mume.

Nilidhani ataanguka. Alimaliza kwanza chai yake. Kisha akaniagiza kopo lake la vifungo, na chini ya vifungo mlikuwa na taarifa za ushirika za miaka yote iliyotangulia, kila moja imepigwa mstari chini ya jina la Osprey Bay. Alijua tangu mwaka wa kwanza. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, alisema tungekwenda kumkokota, na mwanamume aliyekokotwa mpaka nyumbani hajarudi nyumbani. Alisema kila Oktoba alikuwa akipata habari kwamba Baba amekula, na ilimtosha. Nilipomwambia ulivyojihesabia kosa la kifo kile, alilia, maana hilo hakulijua, na anakuomba msamaha kabla hujamwomba yeye.

Nami nikakiri ya fomu. Nilingoja anipige mkongojo. Badala yake aliichukua risiti, akaisoma tena, akaanza kucheka mpaka akashika nyonga. Akasema miaka arobaini na mmoja ya ndoa hajawahi kumwona mzee huyo akilipia kitu bila kuomba punguzo. Nilitaka kupiga simu kule kanisani. Amekataa katakata. Anasema habari ya kwamba yu hai haiendi kwa simu, anaipeleka mwenyewe.

Tunaondoka Alhamisi, barabara ikiruhusu. Ukiweza, tukutane huko. Usipoweza, zichane tu karatasi za wakili.

Wasalimie wenzako wa kambini, na ule vizuri. Mama amenisimamia hapa begani nikiandika. Anasema nikuambie kwamba marehemu anakusalimu sana, na anatafuta buti zake.

Dada yako,
Halya