Soksi za Kutawadhia

Walukuba, Jinja

Baba,

Salamu kwako na kwa wote hapo Namatala. Huku tu wazima, mvua tu ndiyo haituachi.

Nimemaliza kufuma soksi zako. Nimetumia sufu nene, uzi maradufu, ili ukitawadha alfajiri na baridi ya Mbale upake maji juu yake bila kuzivua. Shehe wenu asiseme tena ni nyepesi kama zile za dukani. Yule naye hakosi la kusema!

Kisigino kimenitesa. Nilifumua, nikaanza upya. Unajua mguu wako na wa mkweo Nasif ni saizi moja, na siku zote nilikuwa namvisha yeye nipime. Safari hii nimepimia kiatu chake cha zamani. Vile vizuri aliondoka navyo.

Usimpigie simu, Baba, nakuomba. Watoto nimewaambia tunakuja kukusalimia. Mwambie Mama atutafutie pa kuweka godoro.

Soksi zikikubana, vumilia. Jozi nyingine nitaipimia mguuni mwako.

Binti yako,
Nusifa