Vikinga Masikio vya Mjomba

Jumatatu, 3 Julai 2006

Nimemwagilia miche asubuhi. Pamba masikioni, kofia ya sufu juu yake. Lori likafunga breki mbele ya kitalu, ile breki ya upepo, nikaangusha keni ya maji. Maumivu yakaanzia ndani ya sikio yakateremka hadi kwenye taya. Miche ya grevilea kumi hivi imevunjika chini ya goti langu nilipoanguka.

Watu wa Kitale wanadhani kelele zinanikera. Hazinikeri. Zinauma. Nimechoka kueleza tofauti.

Ni ile mashine ya kupukuchua mahindi kule Saboti. Miaka mingi nimesimama ubavuni mwake, msimu baada ya msimu. Siku moja mkanda wake ukakatika karibu na kichwa changu, ukalia kama bunduki. Toka hapo, kijiko kikigusa sahani, natoka nje.

Mke wangu Wanjiru siku hizi anaoshea vyombo nyuma ya zizi. Sufuria moja moja. Hajawahi kulalamika. Mimi ndiye ninayelalamika kwa niaba yake.

Alhamisi, 6 Julai

Dada yangu Nasimiyu amepiga simu kutoka kwake Mabanga. Mwanawe, Wanyonyi, anatahiriwa Agosti.

Mimi ndiye mjomba. Baba yetu alizaa mwana wa kiume mmoja tu. Siku moja kabla ya kisu, mtoto ataletwa hapa kwangu na umati wake. Mimi nitachinja ng'ombe na kumvika shingoni nyama ya kifua, luliki. Halafu arudi kwao akiwa na baraka za upande wa mama. Bila hiyo, ataingia kwenye kisu kama mtoto asiye na wajomba.

Na atakuja akipiga chinyimba. Kengele mbili za chuma, anazigonga kwenye bangili za chuma mkononi, bila kupumzika. Nilizipiga mwenyewe nikiwa na umri wake. Leo kuzifikiria tu nimetoka jasho.

Nimesema ndiyo kabla dada hajamaliza.

Jumatano, 12 Julai

Nimeenda Bungoma kwa daktari wa masikio. Kijana mdogo, mpole, anazungumza taratibu. Amenipima kwa mashine. Ati nasikia vizuri kabisa. Nikataka kumrushia kiti. Kisha akasema, "Mzee, kusikia uko sawa. Shida ni sauti ndogo inaingia kwako kama kubwa. Si uongo, na si kichaa."

Nilikaribia kulia. Wa kwanza kusema hivyo.

Lakini pia amenigombeza. Pamba kutwa nzima ni makosa. Haizuii kelele kubwa, na ukishinda umeziba, masikio yanazidi kuwa laini, kama miguu ya mtu asiyetoka kitandani. Nyumbani niache wazi, nizoee sauti ndogo kidogo kidogo. Kinga ni ya kelele kubwa tu. Nikamweleza kuhusu chinyimba. Na yeye ni wa huku, anazijua.

Akasema ni heri nisikae karibu. Nikamwambia hilo halipo. Basi, akasema, chagua kinga ya kweli.

Jumamosi, 15 Julai

Hadwea zote za Kitale nimezunguka. Mbili hazijui ninachotaka. Ya tatu ina vizibo vya sponji, vya njano, na vile vikinga vikubwa vya wapasuaji mbao, vyekundu, vinavyofunika sikio lote. Muuzaji akaniuliza nina pawa-so ya aina gani. Nikasema nina mpwa.

Nimenunua vyote viwili.

Jumapili, 16 Julai

Baada ya kanisa, ambako nilikaa nje tena kwa sababu ya spika, tumefanya majaribio. Wanjiru alichukua nondo mbili akasimama karibu na choo, akawa anakuja hatua kwa hatua akigonga. Majirani wakatoka kutazama.

Vya sponji kwanza. Nilikuwa navisukuma tu, vinatoka. Kumbe unavifinya kwa vidole viwe vyembamba, unavuta sikio juu kwa mkono wa pili, unaingiza, unashikilia mpaka vifure. Vikakaa. Wanjiru akafika kwenye kamba ya nguo, nikainua mkono. Inatosha hapo. Havitoshi.

Vyekundu: alifika hadi mlangoni.

Vyote pamoja: alisimama mbele yangu akagonga nondo kwa nguvu zake zote, na yeye ana nguvu. Iliuma. Lakini nilibaki nimesimama.

Amenishauri nivae vya sponji pekee siku hiyo, vijifiche chini ya kofia, nisimame mbali kidogo. "Hakuna mtu atajua, Baba Nekesa." Nimemjibu kwamba mjomba hasimami mbali.

Jumapili, 30 Julai

Shemeji amekuja, baba yake Wanyonyi. Na nani mwingine? Binamu yangu Simiyu, na koti jipya.

Kumbe jirani mmoja amepeleka habari hadi Mabanga. Mjomba ana hedifoni nyekundu. Shemeji alizunguka weee, akauliza mvua, akauliza mahindi, halafu akatoboa. "Wazee watasema nini, bana? Mjomba akiziba masikio, si ni kama amekataa mtoto? Ati hataki hata kumsikia."

Simiyu akakohoa. Yuko tayari kunisaidia, akasema. Kumvika mtoto nyama kwa niaba yangu. Mimi nipumzike ndani.

Nimekataa.

Shemeji akaja na lingine. Mtoto na umati wake waingie bomani kimya kimya. Chinyimba zinyamazishwe langoni, kwa heshima ya ugonjwa wangu. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mtoto aingie kwa mjomba wake kama anayekwenda matangani?

Nimewaambia hivi: anayeacha masikio wazi akajifungia ndani, huyo ndiye aliyemkataa mtoto. Mimi nitaziba na nitasimama mbele. Na kengele zitapigwa. Asiyetaka kuona vikinga vyangu afumbe macho, mimi simwambii kitu.

Chai yao hawakuimaliza. Nina hasira hadi sasa ninapoandika.

Jumatano, 9 Agosti

Nimelala vibaya. Je, kama wanasema kweli? Je, Wanyonyi akiogopa kesho yake mbele ya kisu, na lawama ikawa kwangu? Hilo ndilo ninaloliogopa, wala si wazee.

Masikio nimeyaacha wazi tangu daktari aseme. Kuku bado wananiumiza. Maji yakimiminwa, sasa sijali.

Jumatatu, 14 Agosti

Wamekuja. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa.

Niliwasikia kabla sijawaona, wameshuka kwenye pikapu huko barabarani wakaja kwa miguu wakiimba. Sponji ndani, vyekundu juu. Nikasimama katikati ya boma na kisu mkononi. Wengine walicheka. Mzee mmoja wa upande wa shemeji alinijia akaonyesha kidole kichwani kwangu, toa hiyo. Nikatikisa kichwa. Akarudia. Nikampa mgongo. Sijawahi kumpa mzee mgongo maishani mwangu.

Wanyonyi akatokea mbele, kifua wazi, shanga, vumbi, mikono inaruka. Kila pigo lilinifikia kwenye meno. Akanikaribia. Akanitazama usoni, nadhani macho yangu yalikuwa yanatoka machozi, na mikono yake ikashuka.

Alinyamazisha kengele. Alinihurumia.

Umati ukazubaa. Niliona midomo ikianza kunong'ona. Mtoto anayelegea mbele ya mjomba, kesho atasimamaje? Na Simiyu yuko pale, koti jipya.

Nikampiga kofi. Kofi la mjomba lipo katika mila, lakini hili sikulipima. Nikapiga kelele, hata mimi sauti yangu iliniumiza: "Nani amekuambia unyamaze? Piga! Nimesimama hapa kusikia. Piga!"

Akapiga. Uso kwa uso, pumzi yake ikanigonga. Sikurudi nyuma hata kidogo. Nikamvika nyama shingoni kengele zikilia kwenye kidevu changu, na wanawake wakapiga vigelegele. Kisha akageuka, wakaondoka naye mbio.

Nimejilaza gizani. Masikio yanawaka moto, kichwa chote. Sijutii hata chembe.

Jumanne, 15 Agosti

Simu iko bila mlio. Ujumbe wa Nasimiyu ulikuwa umengoja: Amesimama. Hakupepesa macho.

Nimemwonyesha Wanjiru. Nimelala tena.

Jumapili, 20 Agosti

Nimeenda Mabanga kumwona. Bado maumivu hayajaisha, sikio la kushoto hasa. Vikinga nilivivaa njiani, nikavitoa mlangoni nikaviweka mapajani.

Shemeji alinipokea vizuri. Hakuvitaja. Wala mimi.

Wanyonyi anapona. Anatembea miguu imepanuka, anajiona mtu mzima. Aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba kofi langu liliuma kuliko kisu. Uongo mtupu. Nimeufurahia.

Akaviomba vikinga, akajivika, akakaa navyo muda mrefu akitazama nje. Nikamwacha. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa.