Sentensi Iliyomsimamisha Mama

Jumapili, Katangi

Mhariri aliipenda sana sentensi ya kwanza ya riwaya yangu. Alisema itamshika msomaji papo hapo. Leo nimemsomea Mama, maana yeye hajui kusoma: "Katika nyumba yetu ya Katangi, tulizoea kulala njaa."

Mama akaweka kikombe chini. "Kwani mimi nilikuwa nawapikia nini?"

"Mama, ngoja kidogo, hiyo ni hadithi tu."

"Hiyo nyumba ni yangu," akasema, akaondoka.

Ukurasa wa pili ndipo anapoingia yeye, akitupakulia muthokoi wote, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kutuambia ameshakula jikoni. Riwaya nzima ni yake. Hakungoja nifike huko, na kitabu kimeshachapishwa.

Jioni amenijazia sahani, akaketi kunitazama nikila. Nilipomuuliza chakula chake kiko wapi, akasema ameshakula jikoni.