Ugomvi wa Angani Alioutambua Chiriku

Nyumba ya Pili,
Nyuma ya Karakana.
9 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko ugenini? Wifi yangu kikohozi kimemwachia? Sisi tu wazima. Shemeji yako analalamikia magoti, lakini kula anakula.

Nakuletea habari za mpwa wako, Chiriku, maana nikikaa nazo nitapasuka. Unajua alichukuliwa kwa majaribio pale bwawani, kuchunguza ndege. Nami, nakiri, wateja wangu wa cherehani nilikuwa nikiwaambia yuko ofisini.

Mwanzoni mwa Aprili furukombe wawili, wale tai wala samaki wenye kichwa cheupe, walikamatana kucha angani, wakaporomoka wakizunguka hadi karibu waguse maji. Mkuu wake akacheka. "Wanachumbiana hao. Mayai bado. Mashua za wageni ziendelee kupita chini ya mti wao."

Binti akakataa. Alikuwa ameshachora madoa ya kifua cha kila ndege, anawajua kama ninavyojua vipimo vya wateja.

"Samahani, mzee," akasema mbele ya watu wote. "Mke yuko kiotani, hajanyanyuka tangu asubuhi. Aliyeshikana na mume ni mgeni, wanagombea makazi. Na mke akitulia vile analalia mayai. Mashua zitamfukuza."

Mkuu akamjibu kwamba akikosea, kazi hana. Jioni hiyo binti hakugusa chakula. Nilimshauri aombe radhi. "Mama, nimewaona kwa macho yangu," akasema, akaingia chumbani.

Kesho yake mkuu mwenyewe alipanda mnara wa maji na darubini, akangoja mpaka ndege wapokezane zamu. Akashuka taratibu, kofia mkononi. Mayai mawili! Siku ileile mashua zikahamishiwa ng'ambo ya bwawa.

Ripoti ya furukombe wale imeandikwa upya, jina la mpwa wako juu, la mkuu chini. Na ajira amepata.

Jana alinipandisha mnarani, mimi na woga wangu wa ngazi. Nikaona kifaranga, mweupe kama pamba, analishwa samaki vipande vipande. Machozi yakanitoka, nikasingizia upepo. Tulipofika chini mkuu alikuwa anatungoja. Akanipa mkono, akaniambia siku hizi ndege wakishikana haandiki neno kabla hajamwita Chiriku.

Msalimie wifi, na mapacha uwabusu. Mungu akuzidishie afya na akufungulie njia.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Mama Chiriku