Nilivyompita Najla Mbioni

Kilburn, London
3 Agosti 2025

Shangazi yangu mpendwa, Bi Raya,

Asalaam aleikum, na shikamoo nyingi zikufikie hapo Wete. Natumai magoti yamepungua maumivu na presha imetulia. Dawa unameza kila siku, au mpaka Matar akukumbushe? Sisi wazima. Mwanangu Ghalia keshanipita kimo. Kiswahili anakisikia chote, ila kujibu ni Kiingereza tu.

Shangazi, juzi ulinitumia sauti kwenye simu ukinishukuru kwa kumuinua Najla alipoanguka mbioni. Nimeisikiliza mara nne. Ndiyo nimeshika kalamu. Sikumuinua mie.

Unajua mdogo wangu Najla alipokuja huku miaka mitatu nyuma nilimpokea kwangu. Baridi ilimtia unyonge akawa hatoki, nikamchukua bustanini ninakokimbia na jirani yangu Hansa kila Jumamosi. Kukimbia kulikuwa kitu changu peke yangu. Wiki nzima naosha na kulisha wazee wa watu. Pale bustanini mie ndiye wa mbele. Haikupita miezi miwili, Najla akawa ananisubiri mwisho wa njia, hata jasho hana. Hansa akaanza kumpigia simu yeye kuuliza saa ya kukutana. Ghalia naye, akitaka kusukwa, ni "Auntie Najla" tu. Nilikuwa nacheka nao huku moyo unawaka.

Basi Jumapili iliyopita kulikuwa na mashindano ya magari ya umeme huku mashariki, kwenye bandari ya zamani. Barabara za mtaa huzungushiwa kuta za zege na nyavu za chuma, zikawa uwanja wa mbio. Asubuhi, kabla ya magari, sisi wa miguu tuliruhusiwa kukimbia mizunguko miwili. Sijapata kukimbia mahali kama pale. Kuta zinakubana kulia na kushoto, lami ina michirizi myeusi ya matairi ya jana yake, na kona zinakuja ghafla. Sehemu moja njia inaingia ndani ya ukumbi mkubwa. Unatoka kwenye jua kali, unaingia kizani.

Mzunguko wa pili Najla alikuwa hatua kama ishirini mbele yangu. Alipoingia ukumbini alikanyaga ukingo wa kona, mguu ukapinda, akaanguka kwa goti na viganja. Ningeweza kukuambia kiza kilinizuia. Niliona, Shangazi. Hata nilimsikia akisema, "Ya Rabbi, mguu wangu." Nikahamia upande wa pili wa njia nikapita. Na nilichohisi, Mungu anisamehe, ni furaha. Miguu yangu haijawahi kuwa myepesi vile.

Aliyesimama ni Poonam, mwenzetu wa bustanini. Alimshika mkono wakatembea mpaka mwisho. Mie nilikwisha kuvishwa medali. Najla alipotokea akichechemea, watu wote walimpigia makofi, na Ghalia akakimbia kumkumbatia. Nikamwonea wivu hata kuanguka kwake.

Baada ya kusikia sauti yako nilimwendea chumbani, mguu kauweka juu ya mto.

"Kwa nini umemwambia Shangazi ni mie niliyekuinua?"

"Ulitaka nimwambieje? Kwamba dada alinitazama akapita?"

"Kumbe uliniona."

"Viatu vyako navijua, Da Kulthum."

Nikamwomba radhi, nikalia. Akasema yamekwisha, ila ameshapata chumba Queensbury na anahama mwisho wa mwezi. Akanisihi nisikuambie kitu, yasije yakakutia presha.

Nakuandikia bila yeye kujua. Mie nimempita, yeye kanisitiri, na hilo nalo limenichoma. Sijui kama nakueleza kwa sababu ya toba, au kwa sababu sitaki awe yeye peke yake mwema. Labda yote mawili. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mie, lakini usiache kunipigia.

Msalimie Mjomba Asad na Matar, na watoto wote wa nyumba ya chini. Mola akupe afya na akuzidishie umri wenye raha.

Ni mie mwanao, nikupendaye hata nikikukosea,
Ummukulthum